Cheti cha steshenari kilivyoniumbua

Nianze na aibu, iishe. Mwaka juzi nilikuwa na cheti cha ukaguzi wa nyumba chenye nembo ya chama cha wakaguzi wa nyumba cha Marekani na kingo za dhahabu. Kilitengenezwa steshenari hapa hapa Arusha, elfu kumi na tano pamoja na laminesheni.

Mimi ni fundi mwashi, nilifundishwa na mjomba wangu, na nyumba nilizosimamisha Moshono na Njiro zinatosha kuitwa mtaa. Ukaguzi ulinifuata wenyewe. Watu walioko nje wananipigia: "Fundi, hebu kaniangalizie ile nyumba kabla sijalipa." Naenda, nagonga kuta, napanda darini, natuma video, napewa ya soda. Hakuna aliyeniuliza karatasi mpaka alipopiga dada mmoja anayeishi Texas. Kule mkaguzi wa nyumba hafanyi kazi bila leseni ya jimbo, kwa hiyo hata salamu hazijapoa akaniuliza: "Kaka, leseni yako namba ngapi?" Nikamwambia mtandao unakata. Nikakata mimi.

Ushauri ukaanza kumiminika. Mmoja akasema nenda bodi. Bodi gani? Wahandisi wana yao, makandarasi wana yao, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana yao, wathamini nao vilevile. Mtu anayekagua nyumba ya mwenzake kabla ya kununua hana dirisha lake. Na ole wako ujiite mhandisi bila kusajiliwa, hilo ni kosa kisheria. Mwingine akasema jiunge na chama cha Wamarekani, tena wana viwili vikubwa. ASHI, cha tangu 1976, ukitaka daraja lao la juu wanadai ukaguzi 250 uliolipiwa pamoja na mtihani wa taifa wa maswali 200. Hicho nikakiacha kilipo. Cha pili, InterNACHI, wana mtihani wa mtandaoni usio na ada, uanachama ndio unalipiwa, dola hamsini kasoro kwa mwezi. Nikasema huu ndio wangu.

Usiku huo mpwa wangu wa kidato cha tano akawa mkalimani. Tukakaa sebuleni, simu kwenye chaja, chai kwenye chupa. Maswali ya msingi na zege nilikula kama karanga. Tukaingia kwenye tanuru la kupasha nyumba joto. Mpwa anasoma, ananitazama. Mjomba, tanuru linakaa wapi? Nikasema labda jikoni. Tukaenda kwenye chumba cha chini ya ardhi na pampu yake ya kunyonya maji, halafu umeme wa volti 120, halafu barafu inayoganda kwenye ukingo wa paa na kurudisha maji ndani. Barafu! Mimi barafu nimeiona Kibo tu, kwa mbali, siku mawingu yakikubali. Nikachagua majibu yale marefu, maana mwalimu wangu wa darasa la saba alikuwa na tabia hiyo. Tukafeli. Kesho yake tukarudia, tukafeli zaidi. Mtihani haukunigharimu kitu, bando ndilo lililonimaliza.

Hapo ndipo kijana wa steshenari akaniambia, "Mzee, unahangaika nini? Nembo ipo mtandaoni." Na mimi, mtu mzima, nikakubali.

Nikamtumia dada picha ya cheti. Dakika kumi hazikuisha. Wale wana orodha ya wanachama mtandaoni, unaandika jina unaona. Sauti yake ya WhatsApp ilikuwa ya upole, ikaniuma kuliko matusi: "Kaka, jina lako silioni." Nilikichoma kile cheti kwenye jiko la mkaa. Laminesheni inanuka vibaya sana, mama watoto alidhani waya unaungua.

Kilichonisaidia ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi tuliojifunzia kazini, na watu wengi mtaani hawaujui au wanaona haya kuuliza. Nilipeleka picha za kazi zangu, nikahojiwa, nikapimwa kwa mikono. Kona ya tofali nilipandisha bila wasiwasi. Niliposhikwa ni pale mtahini alipouliza kwa nini tunamwagilia zege siku saba. Miaka yote nilikuwa nasema "lisipasuke". Kumbe saruji inahitaji yale maji ili ishikane, haikauki kama nguo. Cheti kikatoka, cha uashi. Si cha ukaguzi, na sijawahi kukiita hivyo tena. Umeme namwachia mwenzangu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na ufa ukinitisha namwita mhandisi aliyesajiliwa, anasaini yeye.

Lakini Wamarekani hawakunitoka kabisa. Miongozo yao ya kazi iko wazi mtandaoni, mpwa akanisomea. Vyama vyote viwili vinakataza mkaguzi kurekebisha kwa malipo nyumba aliyoikagua, kwa miezi 12. Nilicheka. Fundi aone ufa, aache hela ya kuuziba? Nikalala, nikaamka, nikamwandikia yule dada: cheti changu ni cha uashi, cha VETA, na nyumba nitakayokukagulia sitaigusa mwaka mzima, hata msumari. Akajibu, "Nenda."

Nyumba ilikuwa Olasiti. Rangi mpya, mpya kiasi cha kunata kwenye kidole. Mwenye nyumba ananifuata kila chumba na juisi. Nikatoa mpira wangu wa maji, ule mwembamba unaoonyesha, nikaujaza, nikaondoa mapovu. Ncha moja nikaiweka mlangoni, nyingine nikaivuta mpaka kona ya chumba cha watoto, nikapima kutoka sakafuni hadi maji yalipotulia, pande zote mbili. Tofauti sentimita nne, yaani sakafu imelala upande. Nikasogeza kabati mwenyewe, ingawa miongozo haimlazimishi mkaguzi kuhamisha vyombo. Nyuma yake ufa umelala mshazari kama ngazi, umezibwa na skimu, ile lipu laini ya juu. Juisi ikaishia hapo. Mhandisi alipokuja akachimba kidogo pembeni: udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na msingi hata goti haufiki.

Dada hakununua. Alinilipa, si ya soda.

Wiki iliyopita mwenye nyumba kanipigia, anataka nimwekee msingi sawa kwa sababu "wewe ndiye uliyeuona." Kazi ya milioni kadhaa. Nimemwelekeza kwa fundi mwingine. Miezi 12 inaisha Machi.