Mkutano wa mbalamwezi

Ijumaa ya tarehe 24 Februari 2017 tuliita mkutano wa wazazi wa darasa la awali, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Barua walipewa watoto wapeleke nyumbani, na Alhamisi jioni mwenyekiti wa mtaa akapita na kipaza sauti. Tukatoa madawati nje. Waliofika ni watu saba: akina mama watano, babu mmoja aliyemleta mjukuu wake, na mjumbe wa kamati ya shule ambaye hata mtoto wa awali hakuwa naye. Kwenye daftari kulikuwa na watoto 68.

Mwalimu mkuu akasema yale yasemwayo na walimu wengi wa mwambao, kwamba wavuvi hawana habari na elimu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumuunga mkono, yule babu akanitangulia.

"Mwalimu, mmeita watu gizani."

Saa nne asubuhi, jua linachoma. Tukamtazama. Akacheka akafafanua: giza la mwezi.

Shule yetu ilikuwa upande wa Ilemela, mkoani Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, dakika kumi kwa mguu kutoka mwalo wa dagaa, yaani ufuko ambako mitumbwi hushusha samaki, na mimi nilikuwa na mwaka wa tatu pale. Nilijua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, karabai zamani na siku hizi taa za sola. Nilichokuwa sijakiunganisha na kazi yangu ni kwamba taa hiyo haina nguvu mwezi ukiwa mkubwa. Dagaa hukusanyika penye mwanga pale tu ambapo kila mahali pengine ni giza. Mbalamwezi ikitanda hawakusanyiki, kwa hiyo mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa na wavuvi hushona nyavu, hulala, husafiri kwenda kuona wazee. Mwezi ukififia kila mtu hurudi majini, na mwalo mzima hauna muda hata wa kujikuna.

Jioni ile nilichukua daftari la mahudhurio nikaenda nalo dukani kwa jirani, maana ukutani alikuwa na kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Ni kipimo rahisi kwa yeyote anayefundisha kando ya ziwa: tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu mbalamwezi imejaa, na siku za mwisho wa mwezi ni giza tupu. Tukahesabu pamoja, yeye akisoma kalenda na mimi daftari. Mwishoni mwa Januari, mahudhurio chini. Wiki ya tarehe 13 Februari, baada tu ya mbalamwezi, siku moja walifika 61. Wiki ya mkutano wetu tuliwahi kuwa na 38. Na mimi kote huko nilikuwa nimeandika "utoro", kwa wino mwekundu, kana kwamba mtoto wa miaka mitano anaweza kuwa mtoro.

Kwa nini asubuhi hasa? Mitumbwi hurudi alfajiri. Akina mama hununua dagaa kwa ndoo, huwabeba hadi sehemu ya kuanikia, huwatandaza kwenye mchanga, kwenye nyavu chakavu au, wenye uwezo, juu ya vichanja. Saa za mwanzo ndizo za hatari. Dagaa bado wana maji, kunguru na yangeyange wanawashukia, kuku nao hawako mbali. Jua likiwa kali, mchana wamekauka na jioni wanafungwa kwenye magunia. Mvua ikiwakuta wabichi wanavunda, na mzigo wa kuuzia watu unakuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana kila mkono unahitajika kati ya saa kumi na mbili na saa nne. Mtoto wa miaka mitano hawezi kubeba ndoo, lakini anaweza kushika fimbo na kufukuza ndege, na anaweza kukaa na mdogo wake. Darasa la awali huanza saa mbili na linakwisha kabla ya adhuhuri. Tulikuwa tunagombea saa zilezile.

Wiki mbili zilizofuata tukazitumia kutembelea nyumba kumi na nne, zile za watoto waliokosa zaidi. Safari mbili za kwanza ziliharibika kwa makosa yetu wenyewe. Tulikwenda asubuhi, tena na mtendaji wa mtaa. Nyumba ya kwanza mlango ulifungwa tukiuona. Nyumba ya pili mama alipitia uani. Mtendaji ndiye anayepeleka barua za faini kwa wazazi wa watoto watoro, na mimi nilikuwa na daftari kwapani. Safari ya tatu niliacha daftari shuleni, nikaenda saa tisa alasiri wakati dagaa wanakusanywa, nikaongozana na mama mmoja muuza chapati ambaye mwalo wote unamjua. Tukaamkiana, tukainama tukasaidia kukusanya, maneno yakaja yenyewe. Maswali yangu yalikuwa matatu tu: mtoto anaamka saa ngapi, anakula nini kabla ya kutoka, na mama akiwa kazini mdogo wake anabaki na nani. Ukimuuliza mzazi "kwa nini haji shule" unapata uongo wa heshima. Ukimuuliza nani anabaki na mdogo unapata ratiba nzima ya nyumba.

Katika nyumba ya tisa nilimkuta binti niliyekuwa nimemwandika "mzito wa kuelewa". Darasani alikuwa akisinzia, akiitwa hashtuki. Pale mwaloni alikuwa na mdogo wake wa miezi kama minane mgongoni, amefungwa kwa khanga, na mkononi fimbo ndefu kuliko yeye. Ndege akitua upande wa pili anarusha kokoto bila kumwamsha mtoto. Alikuwa akihesabu magunia ya mama yake kwa Kisukuma, hadi kumi na tatu, bila kukosea. Kwangu darasani alikuwa hajafika tano. Nilikuwa nampima hesabu kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa nayo kwa miezi miwili tu.

Mkutano wa pili ukafanyika Jumatatu ya tarehe 13 Machi, siku moja baada ya mwezi kujaa, saa tisa alasiri, na si shuleni bali palepale mwaloni, kwenye kivuli cha banda la kushonea nyavu. Walikuja zaidi ya hamsini. Wanaume walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona katika mkutano wowote wa awali, wengine hawakuacha hata sindano za nyavu.

Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia mahudhurio. Wao walianza na dawa. Mwaka uliotangulia dawa za kichocho zilitolewa shuleni asubuhi watoto wakiwa hawajala, wakatapika, wengine wakaona kizunguzungu, na habari ikaenea kwamba shule inawapa watoto sumu. Nikawaeleza nilivyoelezwa na muuguzi wa zahanati. Praziquantel, ndiyo dawa yenyewe ya kichocho, hupimwa kwa urefu, mtoto anasimama kwenye kijiti chenye alama: kuanzia sentimita 94 kidonge kimoja, kuanzia 110 kimoja na nusu, kuanzia 125 viwili, na kuendelea. Aliye chini ya sentimita 94 hapewi kwenye foleni ile. Kichefuchefu na maumivu ya tumbo vinajulikana, huzidi tumbo likiwa tupu, na aliyebeba minyoo mingi ndiye anayesumbuka zaidi. Baba mmoja akauliza, kama mlijua, kwa nini hamkuwapa uji kwanza? Jibu sikuwa nalo. Hatukuwa na uji.

Basi mjadala wa uji ukaanzia hapo, bila mimi kuuleta. Tulikubaliana michango iwe ya hiari na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hakutoa, kama maelekezo ya elimu bila malipo yanavyotaka tangu 2016. Anayeweza alete sado ya mahindi, asiyeweza alete kuni au maji. Hesabu yetu kwa watoto sitini ilikuwa lita 18 za maji, unga kilo mbili na nusu, sukari robo tatu ya kilo. Unga unavurugwa kwanza kwenye maji baridi ndipo umiminwe kwenye yanayochemka, vinginevyo ni madonge matupu, na uchemke dakika ishirini huku unakorogwa. Karanga za kukaanga zilizotwangwa zinaingia mwishoni.

Mama mmoja akapendekeza unga wa dagaa, tukasema hapo ndipo penyewe, tuko juu ya hazina. Tulijaribu. Dagaa wa mchangani waliacha mchanga chini ya vikombe hata baada ya kuoshwa mara tatu, na watoto waliotoka kunusa dagaa alfajiri nzima hawakutaka kuwanusa tena kwenye kikombe. Siku ya pili sufuria ilirudi nusu. Tukabaki na karanga, ambazo nazo masika yalipokolea ziliota ukungu kwenye gunia, tukalitupa lote. Wapo waliotaka tuchambue mbovu tubakize nzima, lakini sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kuchambua kwa macho wala kwa kukaanga.

Suala la wadogo lilikuwa gumu zaidi. Walikubali bibi wawili wakae na watoto wachanga kwenye banda lilelile siku za giza, toka alfajiri hadi saa nne, kila mama awape kopo la dagaa kwa siku. Nililiona wazo zuri kuliko yote. Nilisahau kuuliza nani atakusanya hayo makopo.

La mwisho lilipita haraka, ingawa ndilo limedumu. Familia za dagaa huhama, leo hapa, mwezi ujao kisiwani, na mtoto hupotea bila barua ya uhamisho. Tukaongeza safu nne kwenye daftari la awali: jina la tajiri mwenye mtumbwi, kambi wanayokwenda mara nyingi, kijiji cha asili, na simu ya mtu asiyehama. Hiyo ya nne ndiyo yenye thamani. Simu ya mvuvi hubadilika kila mara, ya dada yake anayeuza duka Kirumba haibadiliki.

Giza likarudi wiki ya mwisho ya Machi. Jumanne ya tarehe 28 tulianza kugawa uji saa tatu badala ya saa mbili, ili anayetoka mwaloni aukute. Walifika 49. Wa mwisho alikuwa yule binti, magamba ya dagaa yamemganda miguuni, na mdogo wake mgongoni. Bibi wa zamu hakuja, alisema tangu Ijumaa hajaona kopo hata moja. Binti akamfungua mdogo, akamweka kwenye mkeka, akachukua kikombe chake, akampulizia na kumnywesha yeye kwanza. Nikamjazia tena.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza yule mdogo anaandikwa wapi.

Nikamwambia, kwenye daftari la uji.