Kuhesabu Wimbo Kabla ya Kushika Kamera

Katika kikundi chetu cha muziki chuoni hapa Kisumu, video inapotajwa tu, mazungumzo huelekea kwenye vifaa: nani ana simu nzuri, nani anaweza kuazima kamera kwa binamu yake, droni hukodishwa kwa shilingi ngapi. Mimi niliyepewa kazi ya kuongoza video ya wimbo wetu mpya nimeshikilia kwamba kazi hii huanza kwa daftari na kalamu huku wimbo ukisikilizwa tena na tena. Ninaandika kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wa Maseno, Kakamega, Nakuru na kwingineko wanaotayarisha video zao.

Wimbo wetu unakwenda kwa mapigo 100 kwa dakika na unachukua dakika 3, yaani una mapigo 300, na kwa kuwa mapigo yake yanajikusanya manne manne, tunapata mafungu 75. Tunarekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu zikiwa zile picha moja moja zinazounda video, kwa hiyo kila pigo linachukua fremu 15 kamili. Hesabu hii si ya kujifurahisha. Ndiyo inayomwezesha mhariri kubadilisha picha juu ya pigo badala ya kubahatisha, na ndiyo inayomwambia mwongozaji kwamba picha ya mafungu mawili itaonekana kwa muda usiofika sekunde 5, muda ambao hautoshi mtu kushuka kwenye mtumbwi, kuvuka ufuo na kukumbatiana na mamaye. Tulichora jedwali na kuandika kando ya kila mstari wa wimbo sekunde zake, kinachoonekana, mahali na watu wanaohitajika, na mara moja mawazo kadhaa tuliyoyapenda yakajiondoa yenyewe kwa sababu wimbo haukuwa na nafasi yake.

Jambo ambalo nimelitetea kuliko yote ni nyatiti. Wimbo unaanza na ala hiyo yenye nyuzi nane, na mpigaji wake, pamoja na kucharaza nyuzi, huvaa njuga ziitwazo gara mguuni na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, ambayo huigonga kwenye ala ili kushika mwendo. Ule mlio wa chuma ambao msikilizaji anausikia tangu sekunde za kwanza unatoka mguuni. Video inayoonyesha uso wa mpigaji na vidole vyake pekee inaficha nusu ya muziki, na kijana wa mjini ambaye hajawahi kuketi karibu na mpigaji nyatiti hatajua kamwe mlio ule unatoka wapi. Ndiyo maana katika jedwali letu mguu una picha yake, ya karibu kabisa, kamera ikiwa chini ardhini, na inaingia pale pale pete inapogonga.

Kuimba mbele ya kamera nako kunahitaji mazoezi. Sauti itakayosikika mwishoni ni ile ya studio, lakini mwimbaji anapaswa kuimba kwa sauti halisi, kwa maana anayetikisa midomo tu hujulikana shingoni: mishipa haikazi na pumzi haionekani. Wimbo hupigwa kwenye spika iliyowekwa karibu naye, hasa katika ufuo wa Dunga ambako upepo wa ziwani hupeperusha sauti, na kamera hurekodi sauti hiyo pia, japokuwa haitatumika, ili mhariri aitumie kulinganisha picha na wimbo. Kwa kiitikio tumechagua mwendo wa polepole: wimbo unapigwa kwa kasi maradufu, mwimbaji anaimba kwa kasi hiyo, kamera inarekodi fremu 50 kwa sekunde, kisha picha inachezwa kwa fremu 25. Midomo inarudi kwenye mwendo wa wimbo ilhali nguo, nywele na mawimbi yanaelea taratibu. Mwimbaji wetu amekuwa akijizoeza maneno hayo ya haraka kila jioni, na ulimi sasa umeyazoea.

Kwa anayetumia simu, jambo la lazima ni kuizuia isijiamulie mambo. Kiasi cha mwanga na umbali wa kulenga vifungwe, na itumike programu inayodumisha idadi ileile ya fremu, kwa sababu simu nyingi hubadilisha idadi hiyo kimyakimya na midomo huanza kuachana na maneno kadiri wimbo unavyoendelea. Ndani ya ukumbi wenye taa za umeme, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, iwe sehemu moja ya 50 ya sekunde: umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi hupepesa mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo kila fremu hupata mipepeso miwili kamili, hivyo picha haipepesi.

Mwanga wa jua hauna subira katika mji ulio karibu na ikweta kama wetu. Jua hupanda wima baada ya kuchomoza, na ifikapo saa nne vivuli vizito vimeshajaa chini ya macho. Picha za uso tumezipanga asubuhi, na zile za ufuo jioni, jua linapotua upande wa ziwa. Siku moja kabla, lazima mtu aende kuyaangalia maji, kwa sababu magugu maji husukumwa na upepo, na ghuba iliyokuwa wazi juzi inaweza kuwa kijani kibichi kesho.

Ruhusa huombwa mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu zinazotengenezwa ili zionyeshwe hadharani, na kamati ya usimamizi wa ufuo inastahili kuelezwa kwa heshima, sawa na wavuvi na akina mama wanaokaanga samaki ambao sura zao zitaonekana. Wanaotumia wimbo wa mtu mwingine wakumbuke kwamba mtunzi ana haki yake na mwenye rekodi ana yake.

Siku ya kurekodi tutafuata mahali, si mfuatano wa beti, lakini kila mahali tutaanza kwa kurekodi wimbo mzima bila kukatiza. Rekodi hizo nzima ndizo mhariri atakazozilaza kwanza chini ya wimbo, kisha juu yake ataweka mguu wenye oduong'o, mitumbwi, mikono na nyuso, kila moja kwenye pigo lililoandikwa katika jedwali.