Wanyama Wamevuka Mto: Siku ya Mvua katika Hifadhi ya Nairobi

Watoto wanaokulia Uingereza huzoea bustani za wanyama ambamo kila mnyama ana sehemu yake iliyozungushiwa ua, na mzazi akishalipa kiingilio huwa na hakika kwamba simba ataonekana. Sisi hatuishi mbali na Knowsley, bustani ya wanyama iliyo karibu na Liverpool, ambako tangu mwaka 1971 watu hupita na magari yao karibu kabisa na simba, na ambako nyani hupanda juu ya magari na kung'oa waipa bila kuogopa mtu. Mvua ya huko haibadilishi mambo sana, kwa sababu wanyama hawana pengine pa kwenda. Kwa hiyo tulipofika Nairobi likizo ya Pasaka, mvua za masika zikiwa zimechachamaa, wanangu walitarajia kwamba nyumbani, kwenye asili ya wanyama hao, wangewaona wengi zaidi na kwa urahisi zaidi.

Kaka yangu ndiye aliyetupeleka Hifadhi ya Nairobi. Malipo alikuwa ameyakamilisha usiku kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na asubuhi tukaingia kwa lango kuu la Barabara ya Lang'ata tukiwa na chupa ya chai na mandazi yaliyofungwa kwa kitambaa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1946, ikiwa ya kwanza nchini Kenya, na ina kilomita za mraba 117. Siku ya jua kali majengo marefu ya jiji huonekana nyuma ya twiga, lakini asubuhi ile mawingu yalikuwa yameyameza yote, na kilichobaki ni nyasi ndefu, nguzo za daraja la reli iendayo Naivasha, na udongo mweusi unaonata kwenye magurudumu hata gari lenye nguvu likaanza kuserereka upande. Tulipita bwawa moja na jingine. Tuliona swala pala waliojikunyata chini ya migunga, twiga kadhaa na mbuni, lakini nyumbu hatukumwona hata mmoja.

Kisha tukamkuta kobe katikati ya njia. Kaka alizima injini, tukateremsha vioo kidogo. Kobe huyo alikuwa amesimama penye kidimbwi kilichoachwa na gurudumu, gamba lake la manjano na madoa meusi likichuruzika maji, akainamisha kichwa mpaka pua ikazama, akawa anakunywa taratibu huku koo lake likipanda na kushuka. Binti yangu alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mnyama yeyote wa Knowsley. Mbele kidogo kulikuwa na kifaru mweupe akila, mdomo wake mpana ukikata majani kwa sauti iliyotufikia hata ndani ya mvua, masikio yakigeuka huku na huku kila moja kwa wakati wake.

"Mjomba, simba wamelala?" mwanangu wa kiume akauliza.

"Wengine wamelala, mpwa wangu. Wengine wamevuka mto, wamefuata chakula chao."

Hapo kaka akawaeleza jambo ambalo natamani kila Mkenya anayelea watoto ughaibuni awaeleze wanawe. Hifadhi ya Nairobi ina ua upande wa kaskazini, mashariki na magharibi, ila upande wa kusini umeachwa wazi, na mpaka wake ni Mto Mbagathi. Kiangazi, nyumbu na punda milia huja ndani kwa sababu ya mabwawa na mto usiokauka. Mvua ikinyesha, maji hupatikana kila mahali, nyasi za ndani hurefuka na kukosa ladha, nao huvuka kwenda tambarare za Athi na Kaputiei, kwenye nyasi fupi zenye lishe. Baadhi ya simba huwafuata, na ndipo wanapokutana na ng'ombe wa wafugaji. Richard Turere, mtoto wa mfugaji wa huko, alibuni taa za kumwekamweka za kuwazuia simba wasivamie ng'ombe wa baba yake. Kwa hiyo utupu tuliouona siku ile ulikuwa habari njema, maana wanyama bado walikuwa na njia ya kutokea.

Njia hiyo inazibwa, nasi tulio ng'ambo tuna mkono wetu katika kuiziba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, nyumbu wa tambarare hizo wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na miongoni mwa sababu kubwa ni ardhi kukatwakatwa, kuzungushiwa nyaya na kujengwa kuta. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela, kusini mwa hifadhi, dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiiuze wala wasiizungushie ua. Linganisha fedha hizo na bei anayotoa mnunuzi mwenye mshahara wa pauni, uone ni mfugaji gani mwenye karo ya watoto atakayekataa. Kila wiki mimi hupokea kwenye simu matangazo ya ploti za Kitengela, Kisaju na Isinya yanayotulenga sisi hasa, na picha huonyesha tambarare tupu, kana kwamba hakuna aliyekuwa akipita pale.

Sipingi mtu kutafuta pa kujenga. Hamu ya kuwa na chako nyumbani naijua vizuri. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kutuma fedha, umwagize ndugu unayemwamini afike kwenye kiwanja chenyewe mvua zikiwa zinanyesha, awaulize wafugaji wa jirani ni wanyama gani hupita hapo na hupitia wapi, na aulize katika ofisi za kaunti mpango wa matumizi ya ardhi unasema nini kuhusu eneo hilo. Ukiambiwa kwamba nyumbu hupita hapo, tafuta kiwanja ndani ya mji, ambako ua wako hautamfungia mtu njia. Mimi na kaka tumekubaliana hivyo kuhusu akiba yetu, na sasa tunatafuta upande wa Ngong mjini.