Swali la Bibi

Kuna swali Bibi ninayemtunza huku kazini kaniuliza Jumanne nikiwa namkata kucha na mpaka leo linanikera. Nyie mnamjua Bibi na maswali yake, si niliwaandikia lile la mahari. Ila hili sijui kama lilikuwa utani, ndo maana niko macho saa hizi.

Alikuwa anasimulia Dawson tena, mji wao wa makaa ya mawe huku huku New Mexico, Marekani, kaunti ya Colfax. Nimeshaikariri hiyo stori. Kampuni ya Phelps Dodge ikanunua migodi 1906 na kila kitu kikawa chake, nyumba, duka, hospitali, bwawa la kuogelea, mpaka jumba la opera, watu kama 6,000 kwenye bonde ambalo leo hamna mji. Nikasema kwa roho safi kabisa, "Bibi mbona mliishi vizuri, yaani bwawa la kuogelea!" Akanyamaza, akavuta mkono wake.

"Mija," ananiitaga hivyo, ni Kihispania, yaani binti yangu, "wewe ukiacha kazi leo, utalala wapi?"

Nikacheka. "Kwani unanifukuza?"

"Nakuuliza tu." Akanirudishia mkono nimalizie kidole gumba.

Basi, hakuna kingine kilichosemwa. Lakini mnajua nalala chumba cha nyuma ya jiko lake, mnajua chumba kimehesabiwa kwenye mshahara, kwa hiyo jibu analijua, sasa kuniuliza ni kwa nini? Nimelirudia nikifua, nikiendesha, wiki hii Rehema kajifungua mtoto wa kiume salama (hongera mdogo wangu!) na hata kwenye simu ya video namwangalia mtoto huku nasikia "nakuuliza tu". Alivyolisema! Kama mtu anayeuliza saa.

Alhamisi ndo akaendelea mwenyewe, sijamuuliza. Akasema kwao mwanaume akitoka kazini tu, nyumba si yenu. Tena kazi yenyewe ilikuwa ya kuzika watu: tarehe 22 Oktoba 1913 baruti ilipasuliwa wachimbaji wakiwa bado chini, vumbi la makaa likashika moto, wakafa 263, Waitaliano na Wagiriki wengi mno, watu waliovuka bahari kuja kufia kwenye shimo. Halafu Februari 1923 behewa likaacha reli likakata waya wa umeme, vumbi tena, 123, na baadhi yao walikuwa watoto wa wale wa mwanzo. Hapo ndo mimi nashindwa, baba kafia mle na mtoto anaingia mle mle. Ila angeenda wapi, nyumba ya kampuni, duka la kampuni. Misalaba myeupe ya chuma bado ipo makaburini, ukiitafuta picha utaiona imejipanga mistari na mistari.

Mgodi ukafungwa 1950, treni zilikuwa zinahamia dizeli, makaa nani anayataka. Mji ukauzwa wote uondolewe, nyumba zikang'olewa zikapelekwa kwingine. Bibi alikuwa na miaka 14. Anasema nyumba yao aliiona ikipita barabarani juu ya lori, pazia la mama yake bado liko dirishani, na akacheka, jamani, alicheka mpaka akakohoa, eti mama alikuwa analikimbiza lori akidai pazia lake!

Na mimi nikacheka. Hasira ikaniishia palepale, siwezi kuwaelezea. Maana sijawaambia, Jumatatu mwanae alikuja na jamaa wa kukadiria bei ya nyumba, wakazunguka na tochi mpaka chumbani kwangu, na Bibi kakaa sebuleni kimya hajawatengea hata maji. Sasa lile swali sijui aliniuliza mimi au nani.

Jioni akarudia majivuno yake, kwamba Dolores Huerta, yule mama mtetezi wa wafanyakazi wa mashambani, kazaliwa Dawson 1930. "Kwetu kulitoa watu," anasema, kidole juu. Nikamwambia na wewe mmojawapo Bibi, akasema hilo linajulikana, lete chai.

Halafu gari yangu imeanza kulia mbele kila nikikata kona ya kushoto, fundi anasema beringi, shemeji anasema breki, na kesho alfajiri nampeleka Bibi kliniki. Mwenye uzoefu aniambie, kwa mlio huo nitafika kweli?