Tulianza na viti vya matanga: makanisa manne mtaa mmoja Kisauni

Mimi ni katibu wa kanisa dogo la Kipentekoste huku Kisauni, Mombasa, si mbali na Kengeleni, pale penye kengele ya watumwa walioachwa huru wa Frere Town. Barabara yetu ina makanisa manne, Katoliki, Angilikana, Methodisti na letu, na miaka yote tulikuwa tunashindana kwa spika tu, Jumapili saa nne ukisimama hapo kati huelewi nani anahubiri nani anaimba, majirani zetu Waislamu wametuvumilia kweli.

Kilichonigutua ni matanga. Alifariki mama mmoja jirani yangu, yeye Mkatoliki, mumewe Mmethodisti, kitinda mimba wao anaimba kwaya kwetu. Jioni ya kwanza kila kanisa likaja na ratiba yake, huyu ataka rozari, huyu ataka mahubiri, na watu wamesimama sababu viti havitoshi, na stoo yetu ina viti mia vimefungiwa ati ni mali ya kanisa. Yule mzee amekaa kwa mkeka analia na sisi tunabishania maiki. Niliona aibu sana. Nikampigia pasta simu usiku huohuo, nikamwambia pasta tafadhali tufungue stoo, akafungua.

Baada ya mazishi ndo nikaanza kuzunguka. Sikuanza na wachungaji, nilianza na kina mama, manake hao tayari wanachanga pamoja kwa chama na hawaulizani dhehebu, wao ndo wakaenda kuongea na viongozi wao. Kikao cha kwanza kilikuwa barazani kwa yule mzee, chai na mahamri, na tulizungumza kitu kimoja tu, viti, tenti na sufuria za matanga. Meza ya Bwana na ubatizo nilikataa kabisa tuviguse. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka wa 1913 wamishonari Waprotestanti walikutana Kikuyu kutafuta njia ya kuungana, askofu Peel wa Mombasa akiwepo, wakamaliza kwa kushiriki meza pamoja, na askofu Weston wa Zanzibar, naye Mwangilikana kama Peel, akawashtaki kuwa wanaeneza uzushi, ugomvi ukafika mpaka Uingereza. Sasa kama maaskofu yaliwashinda, sisi wa barazani tungefika wapi?

Mzee mmoja wa Angilikana hakutaka kabisa, akasema haya ya kuchanganya madhehebu yameletwa juzi. Nikamwambia, baba, wamishonari wale, Krapf aliyefika Mombasa 1844 na Rebmann aliyemfuata 1846, walikuwa Walutheri kutoka Ujerumani, na waliowatuma ni CMS, shirika la Waangilikana. Akanyamaza kidogo, halafu akasema haya, andika jina langu.

Si kwamba ilienda sawa siku zote. Kuna mara viti kumi na moja vilirudi vimevunjika miguu na waliovichukua wakakaa kimya, watu wetu wakataka stoo ifungwe tena, wiki nzima silali vizuri. Nikaenda mwenyewe kwao nikakaa nao, tukakubaliana kila kanisa litoe mia tano kwa mwezi za kurekebisha vitu, na kila kinachotoka kiandikwe kwa daftari na watu wawili wa makanisa tofauti. Daftari hilo limetuokoa kuliko maneno yote tuliyosema.

Spika zenyewe zikatulia, wenzetu wanaanza saa tatu, sisi tukasogea mpaka saa tano. Ijumaa Kuu iliyopita tukafanya Njia ya Msalaba pamoja, Wakatoliki wakisoma vituo, Wamethodisti na Waangilikana wakipokezana maombi, kwaya yetu ikiimba, tukatembea mpaka Kengeleni na jua lile la saa sita, na nilivyogeuka kuangalia nyuma sikuweza tena kujua nani ni wa wapi.

Ufunguo wa stoo sasa anaweka yule mzee mjane. Ukihitaji viti unabisha kwake tu, hata usiku.