Daftari la chama limepata rangi

Wenzangu wa chama hapa Amu, nina furaha kubwa! Daftari letu la mikopo sasa liko kwenye Excel, na aliyepitisha tarehe ya kulipa mstari wake wote unawaka nyekundu wenyewe. Kanuni, inayowekwa kwenye Conditional Formatting (sehemu ya Excel ya kupaka rangi kwa masharti), ni =$D2<TODAY(). Maana yake, tarehe ya kulipa iko kabla ya leo. Hiyo alama ya dola inaifunga safu ya D yenye tarehe, basi kila kisanduku cha mstari kinatazama tarehe ileile. Ukiitoa, rangi zinavurugika.

Aliyemaliza deni tunamfutia tarehe, lakini Excel huhesabu kisanduku kitupu kama sifuri, yaani tarehe iliyopita zamani, naye angewaka. Kwa hiyo, ili kisanduku kitupu kirukwe, andikeni =AND($D2<>"",$D2<TODAY()).

Bi mweka hazina maandishi madogo yanamsumbua macho, rangi anaiona vizuri. Anayetaka kufundishwa anipitie Langoni baada ya alasiri, karibuni sana.