Pale -1 Inapoizidi 1: Ugeuzaji wa Aina Katika Lugha ya C

Katika lugha ya C, usemi -1 < 1 ni kweli, lakini -1 < 1u ni uongo. Herufi u inaieleza kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) kwamba nambari ya kulia ni ya aina isiyobeba hasi, na hilo pekee linatosha kulipindua jibu. Kompaila haijakosea, imefuata kanuni iliyoandikwa.

Kanuni yenyewe ina hatua mbili. Katika ya kwanza, aina ndogo za nambari kamili kama char na short hukuzwa kuwa int, aina ya kawaida ya nambari kamili, kabla ya hesabu kufanyika, mradi int iweze kubeba thamani zake zote. Kabla ya kiwango cha ANSI cha mwaka 1989, yaani kanuni rasmi za lugha ya C, kompaila hazikuwa na msimamo mmoja: baadhi zililinda hali ya kutobeba hasi, nyingine zikalinda thamani, na kamati ikachagua thamani. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara, ingawa nao una mtego wake. Vibadilika viwili vya unsigned short (short isiyobeba hasi) vyenye 65535 kila kimoja vikizidishwa kwenye mashine ambayo int yake ina biti 32, hesabu hufanyika ndani ya int, na jibu, 4294836225, huvuka kikomo cha 2147483647. Hapo kiwango hakiahidi matokeo yoyote, japokuwa mwandishi wa programu hakuandika neno int popote.

Hatua ya pili ndiyo yenye matata zaidi. Aina mbili za cheo kimoja (cheo ni nafasi ya aina katika mpangilio wa C, kutoka ndogo hadi kubwa) zikikutana, moja ikibeba hasi na nyingine isibebe, ile inayobeba hasi ndiyo hugeuzwa; kwa hiyo, int ikiwa na biti 32, -1 huwa 4294967295, na bila shaka nambari hiyo si ndogo kuliko 1. Vyeo vikitofautiana, jibu hutegemea upana. Chukua -1L < 1u, ambapo L huashiria aina ya long: kwenye Linux ya biti 64, long ina biti 64 na inaweza kubeba kila thamani ya unsigned int, basi usemi ni kweli; kwenye Windows ya biti 64, long ina biti 32 tu, pande zote mbili hugeuzwa kuwa unsigned long, na usemi uleule unakuwa uongo. Hili ndilo ninalolilaumu hasa, kwa sababu msomaji wa mstari huo hawezi kujua maana yake mpaka aulize utaendeshwa wapi.

Madhara huonekana sana katika urefu wa matini. Kwa kuwa strlen, inayopima urefu huo, hurudisha size_t, aina ambayo haina hasi, sharti strlen(s) - 1 >= 0 ni kweli daima, hata matini ikiwa tupu, na kitanzi kinachohesabu kurudi nyuma kwa sharti la namna hiyo hakikomi.

Waliobuni lugha ya Go walikataa ugeuzaji huu kabisa: hata vibadilika vya int32 na int64 havijumlishwi mpaka mwandishi atamke aina anayoitaka. Inachosha kuandika, lakini ni afadhali uchovu huo. Kwa anayebaki na C, kompaila ya GCC ina onyo la -Wsign-compare kwa ulinganishi wa aina hizo mbili, ila chaguo la -Wall haliliwashi kwa msimbo wa C kama linavyoliwasha kwa C++; sharti uongeze -Wextra, na miradi mingi niliyosoma haina chaguo hilo.